Karatasi za Dirishani

Hamidi, sogea karibu na kichwa changu, usisimame hapo mlangoni kama mtu anayengoja lori. Kulsumu mwanangu, wewe kaa miguuni nikuone. Ashura mjukuu wangu, wewe umesoma, kwa hiyo shika kalamu, na uandike nilivyosema, si unavyoona ingependeza niseme. Maalim Uledi, nashukuru umekuja. Umewafundisha watoto hawa juzuu, leo nataka uwe shahidi wao, maana mwanamke akifa kwa pumu watu husema maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kuweweseka, nami siweweseki. Leo ni Jumanne. Asubuhi mmenipa chai ya tangawizi, na sukari mlisahau. Akili yangu ipo; kilichoondoka ni kifua.

Nitasimama mara kwa mara kupumua. Nikisimama msiniambie pole. Pole zenu nimezisikia miaka mitatu, na hakuna hata moja iliyonifungulia dirisha.

Tuanze na mali, kwa sababu najua masikio yenu hayatatulia mpaka myasikie ya mali. Nyumba hii, pamoja na chumba cha duka cha mbele na ua wa nyuma, itagawanywa kama dini ilivyopanga, Hamidi mafungu mawili na Kulsumu fungu moja. Sheria hiyo sikuiweka mimi na sitaibishania kitandani. Cherehani nilimpa Ashura siku ya Idi, kwa mkono wangu, nikiwa bado nasimama, kwa hiyo hiyo si urithi na mtu asiiguse. Nadaiwa siku tisa za Ramadhani iliyopita, kifua kilinikatalia. Lisheni maskini kwa ajili yangu. Limebaki shamba la Izia. Maalim ameniambia kwamba theluthi ya mali yangu ninaweza kumpa mtu asiye mrithi, na shamba lile halifiki theluthi. Basi nimempa Bertilla wa Msanzi. Lote, pamoja na ulezi uliomo.

Hamidi, usigune. Nimekusikia. Kifua kimeziba, masikio hayajaziba.

Unajiuliza Bertilla ni nani hata apewe shamba alilonipa marehemu baba yako. Wewe ulikuwa njiani na malori siku zile, Kipili leo, Tunduma kesho, lakini Kulsumu anamjua, Ashura mwanawe amebebwa mgongoni kwake. Sikilizeni basi, mjue nyumba hii imejengwa na nini.

Mama yangu alikuwa mpambaji wa maharusi kabla yangu, na yeye alipamba kwa hina ya majani, ndimu na chai nzito, basi. Rangi ilitoka nyekundu kama udongo wa barabarani baada ya mvua, na watu waliridhika. Mwaka ule vita ya Hitla ilipokwisha, bidhaa zikaanza kurudi madukani, na kwa meli ya ziwani yakashuka Kipili makopo madogo yenye picha ya tausi, ndani yake unga mweusi wa kupaka mvi. Wapambaji wa Ujiji walikuwa wameshagundua kwamba unga ule ukikorogwa na hina iliyolazwa na petroli, hutoa weusi unaong'aa kama kiatu cha askari, tena haraka, na kwenye kucha hukaa hadi kucha ikue. Mimi nilikuwa wa kwanza kuuleta juu huku Ufipa. Petroli nilichota kwenye lori la baba yenu, unga nilichukua dukani kwetu wenyewe, na haukupita mwaka, bi harusi ambaye hakupambwa na mkono wa Adija alionekana kama ameolewa kwa siri.

Bertilla alikuja uani kwangu kuuza unga wa ulezi, rozari shingoni, kikapu kichwani, akanikuta nahangaika na mwali asiyetaka kutulia. Akaweka kikapu chini, akamshika yule msichana mikono kwa upole, akamwimbia kitu cha kwao kwa Kifipa, na mtoto akatulia. Tangu siku hiyo akabaki. Mimi nilichora, yeye alikoroga, alishika mikono, aliosha mabakuli. Angalieni ninavyosema: mimi nilikaa mbali na bakuli kwa urefu wa kijiti cha kuchorea, yeye aliinama juu yake kutwa nzima.

Chumba chenyewe ni hiki nilicholala. Mnajua desturi. Chumba cha mwali huzibwa. Mama yangu alikiziba ili mwanamume asichungulie na jicho la hasidi lisiingie, nami nikaongeza sababu ya tatu, baridi, kwa kuwa ndoa nyingi hapa hufungwa baada ya mavuno, na upepo wa Juni katika mji huu hupenya hata ukutani. Dirisha nililipigilia misumari. Kwenye nyufa za mbao nilipachika karatasi. Na karatasi hizo zilitoka wapi? Kila kopo lilikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne, kina maandishi madogomadogo, chepesi lakini kigumu kidogo, kinaingia ufani vizuri kuliko kitambaa. Nikawa kila nikifungua kopo nakunja kikaratasi, nakisukuma kwa ncha ya kisu. Nilijisifu kwa hilo. Nilisema, Adija hatupi kitu.

Ndani tuliweka jiko la makaa la kukaushia mikono, na udi juu yake. Petroli bakulini na makaa sakafuni! Aliyetuzuilia moto ni Mungu peke yake, na labda alituzuilia moto ili tufe kwa kitu kingine. Wanawake kumi na wanane humu, wanaimba, macho yanatoka machozi, na kila mmoja akisema machozi ni ya furaha. Na utani haukukosa. Nakumbuka shangazi mmoja alimwambia mwali, "Wewe jikune tu! Bwana atakukuta na madoadoa kama kanga wa porini." Mwingine akadakia, "Afadhali madoadoa, sisi tuliolewa na mikono mitupu kama ya mtwanga ulezi." Bertilla, bila kuinua macho bakulini, akasema, "Mikono hiyo mitupu ndiyo iliyopika mlichoshiba mchana, mama." Chumba kizima kikacheka hadi mwali akaharibu ua la kiganjani. Alikuwa hivyo. Hakukosa jibu.

Mwaka wa tano kucha zake zikaanza kuinuka. Kwanza kidole gumba cha kulia, kisha vingine, kucha ikawa inaachia nyama polepole kama gome linavyoachia mti uliokauka. Ngozi ya vidole ikachanika. Kisha kikaja kifua. Siku moja akanisimamisha jikoni akaniambia, na maneno yake nayakumbuka moja moja: "Mama Hamidi, huu unga si mzuri. Nikikaa kwetu Msanzi siku nne, kifua kinafunguka. Nikirudi chumbani humu, kabla ya Alasiri kimefunga. Nimeangalia mara tatu, imekuwa hivyo mara tatu. Tufungue dirisha, au tukoroge nje."

Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa. Uongo. Sikio langu lilisikia vizuri sana. Nilimwambia, "Kukoroga nje ili nani aone? Kama kazi imekuchosha, sema kazi imekuchosha." Alirudi kwenye bakuli.

Niinueni mto. Zaidi. Hapo.

Ikaja harusi ya binti wa Mzee Huseni, yule mwenye malori matatu, harusi ambayo kila mtu mjini alishona nguo kwa ajili yake. Nilitaka weusi kuliko weusi wote, na pale ambapo siku zote nilitia vijiko viwili vya unga nikatia vinne. Mimi. Bertilla aliniuliza, "Vinne?" nikamwambia akoroge. Asubuhi ya ndoa mikono ya yule msichana ilikuwa imevimba kama maandazi, malengelenge yamefuata kila ua na kila jani nililochora, unaweza kusoma mchoro wangu kwa kidole. Akaozeshwa mikono imefunikwa kwa shela. Wanawake wakaja kwangu wakasimama uani, mama yake mbele, wakauliza, "Adija, nini hiki?"

Ningeweza kusema vijiko vinne. Maneno mawili. Nilisema, "Mwulizeni Bertilla. Mkono wake ndio uliomgusa mwisho."

Maalim, sikutaja neno lile la kijicho. Naapa sikulitaja. Lakini wewe umezaliwa hapa, unajua kwamba katika mji huu huna haja ya kulitaja. Unaelekeza kidole tu, watu wanamalizia wenyewe. Jioni ile walimmwagia maji ya ukoko kisimani. Siku ya tatu mtu alipaka majivu mlangoni pake. Ya nne akaja hapa, si kunitukana, alikuja kuchukua kikapu chake. Nilikuwa dukani, nikajifanya napima chumvi. Akaniambia, "Wewe unajua." Hayo tu. Akaondoka kwa miguu kwenda Msanzi, na kifua kile, na upepo ule.

Baada ya hapo nilianza kukoroga mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa ndani ya bakuli langu. Haikupita miaka miwili kucha zangu zikainuka, kidole gumba cha kulia kwanza. Tazameni. Kulsumu, usigeuze uso, tazama. Nilikwenda kwa mganga mmoja wa hospitali, kijana nadhifu, akaniuliza kama napikia kuni, nikasema ndiyo, akaandika pumu. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza yake, mbele ya macho yake, haina kucha, hakuiuliza hata swali moja. Nikaenda kwa mwingine, akaniambia wanawake wa umri wangu huwa na wasiwasi. Nikaenda kwa mtaalamu wa miti shamba, huyo akaniambia kuna mtu ananionea kijicho, akaniuliza kama namshuku mtu. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi.

Mwaka jana ndipo Ashura alipokuja likizo kutoka shule, akachomoa kikaratasi kimoja dirishani kwa kucheza tu, akakaa hapo kwenye mkeka akakisoma. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akasoma polepole, na kila sentensi alinitazama. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwangu alikuja na sare ya shule. Kikaratasi kilisema unga ni wa nywele tu, usiguse ngozi. Kilisema jaribu kwanza tone moja nyuma ya sikio, ungoje siku mbili. Kilisema usivute vumbi lake. Na kilisema, fungua madirisha.

Miaka kumi na moja nilikuwa naliziba dirisha kwa karatasi zinazoniambia nilifungue.

Nilifanya nini nilipojua? Andika, Ashura, hili nalo liandikwe. Nilikwambia ukirudishe ulipokitoa, nikakukataza kusema. Miezi minne nikakaa nalo. Kisha nikaogopa, nikamwambia Hamidi asilete tena makopo yale, na Hamidi, ulinijibuje? "Mama, nisipouza mimi atauza Mhindi wa jirani." Nikamtuma mtu na barua kwa karani mmoja wa serikali, jibu likaja kwa mdomo kwamba ile ni dawa ya nywele, inauzwa kwa nywele, na michezo ya wanawake vyumbani si shauri la serikali. Nikawaambia wapambaji wenzangu watatu, mmoja akasema nataka kuwaharibia sasa kwa kuwa mimi siwezi tena. Nikamwambia binti yangu mwenyewe. Binti yangu akasema, "Ndiyo, mama." Kulsumu husema ndiyo, mama, kwa kila kitu. Ndiyo yake ni mlango usio na ukuta.

Mwanangu, sikutaji kukuaibisha mbele ya Maalim. Umepoteza mimba mbili, ya kwanza ya miezi mitatu, ya pili ya miezi mitano. Sisemi najua ni unga. Sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya. Lakini mimba zote mbili ziliharibika msimu wa harusi, na miaka ambayo hukupamba ulimzaa Ashura bila hata homa. Hesabu kama Bertilla alivyohesabu. Na sasa unayo nyingine, ya miezi minne, usiifiche kwa kanga, mimi ni mama yako, nimejua kabla ya mumeo.

Subirini.

Harufu hiyo ni ya nini?

Hapana, msiniambie ni dawa ya kifua. Pua yangu imekufa kwa vitu vyote isipokuwa hicho. Hamidi, inama. Tazama chini ya kitanda changu. Nimesema tazama.

Enhe. Lete hapa, nilione. Bakuli la bluu, limefunikwa kwa sahani. Hina ya harusi ya Alhamisi, imelazwa na petroli tangu jana, chini ya kitanda cha mama anayekufa kwayo.

Usilie, Kulsumu. Acha kulia, unalia kwa pumzi ambazo mimi sina. Najua kwa nini umeliweka humu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba bakuli lisivuke kizingiti kabla ya mwali kuingia, lisije likaonwa na jicho baya. Basi umelileta humu kwa kuwa hiki ndicho chumba, na ukaona haya kuniambia, na umetii. Umenitii mimi ya zamani. Nionyeshe mikono. Yote miwili, itoe ndani ya kanga. Gumba la kulia... Maalim, unaona? Ncha imeshainuka.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani aliye karibu kuliko mimi.

Basi fanyeni hivi, nami sitaweza kurudia. Hamidi, bakuli hilo ukalimwage mbali na kisima, kisha ulivunje. Makopo yaliyobaki dukani usiyauze kwa wapambaji. Mwenye mvi akitaka, mpe na kikaratasi chake, na umsomee. Atauza Mhindi? Auze. Wewe usiuze. Kulsumu, Alhamisi utakwenda kwa bi harusi huyo, utampamba kwa hina ya majani na ndimu za Kipili na chai, nyekundu, kama bibi yako. Watanuna. Watasema mkono wa Adija umekufa. Waambie ndiyo, umekufa, na hiki ndicho kilichouua. Kisha kabla ya kuchora ua la kwanza utasimama mbele ya wanawake wote, na mama wa binti wa Huseni atakuwepo, naye ndiye hasa asikie, utasema: Bertilla hakuwa na kijicho. Mama yangu alitia vijiko vinne. Useme vinne. Usiseme alikosea, usiseme bahati mbaya. Useme idadi.

Baadaye mwende Msanzi, nyote wawili. Msimtume mtu. Hati ya shamba mpeleke, na ushahidi wa Maalim. Akiwatukana, msijibu. Akifunga mlango, kaeni nje. Akisema shamba halimrudishii kucha, mwambieni mama alisema hivyo hivyo. Na kama... kama hayupo tena, kwa kifua kile... basi ndugu zake wapewe, na padri wao aambiwe maneno yale yale, ayaseme kanisani kwao. Jina lake lisafishwe lilikochafuliwa na lilikokwenda kujificha.

Maji. Kidogo.

Kulsumu. Sasa sema, mbele ya Maalim. Si ndiyo, mama. Ile nimeikataa. Sema utafanya nini.

...

Sauti ndogo, lakini nimesikia. Sema tena, Ashura aandike.

...

Vizuri. Nyekundu. Amesema nyekundu.

Hamidi, kuna koleo sandukuni kwa baba yako. Ng'oa misumari. Polepole, mbao zimeoza. Karatasi msizitupe... zichomoeni moja moja... Ashura akusanye, kila nyumba ya mpambaji apeleke moja, asome mwenyewe kwa sauti, kwa Kiswahili. Wasiposikiliza asome tena.

Eeh. Huo. Upepo wa Izia, unanuka mavuno. Baridi... haidhuru, nifunikeni miguu tu.

Mungu awape pumzi ndefu, wanangu. Mikono yenu ibaki na kucha zake. Aliye tumboni... atoke analia kwa nguvu. Hamidi, nimekuwia radhi. Kulsumu, nimekuwia radhi... tangu zamani. Maalim, soma sasa. Karibu na sikio.

Na mkimaliza kuniosha... watu watakuja, watasema chumba cha maiti huzibwa... pazia linatosha. Dirisha... Kulsumu... msilifunge.